Kinyumba, Mchumba au Mwenza? Wasiooana Katika Sheria za Uhamiaji za Uingereza

Muhula uliopita chama chetu kilipata kazi ambayo hatukuitarajia. Mama mmoja anayehudhuria hafla zetu za Kiswahili alituletea bahasha yenye barua mbili kutoka Arusha, akatuomba tumtafsirie kwa Kiingereza. Binti yake, raia wa Uingereza, alifanya kazi Arusha kwa zaidi ya miaka mitatu. Huko aliishi na kijana mmoja wa Kitanzania, kisha akarudi huku peke yake kutafuta kazi ili amdhamini mwenzake aje. Hawajafunga ndoa. Barua ya kwanza ilikuwa ya mwenye nyumba aliyewapangisha, naye aliandika kwamba dada huyu aliishi na "mchumba wake". Ya pili ilitoka kwa mjumbe wa mtaa, ina muhuri, na imeandikwa bila kuzunguka: hawa wawili "waliishi kinyumba".

Mama alilinyooshea kidole neno hilo. "Wanangu, hili mliondoe. Andikeni mchumba kama alivyoandika yule mwingine. Mimi ni mtu mzima, barua hii itasomwa na watu."

Tulimwelewa. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba ambamo neno kinyumba husemwa kwa sauti ya chini, na hawara au kimada hayasemwi mbele ya watoto. Lakini mwenzetu mmoja anayesoma sheria alikwenda kuzisoma kanuni, akarudi na habari iliyotusumbua. Kwa Uingereza ya leo, mchumba na mtu wa kinyumba huingia kwa milango miwili tofauti. Mchumba hupewa viza ya miezi 6, haruhusiwi kufanya kazi katika muda huo, na lazima afunge ndoa kabla haujaisha. Mwenza asiyeoa huingia kwa mlango uleule wa mke au mume, na anaweza kuanza kazi mara moja. Sharti ni kuthibitisha kwamba uhusiano wao umedumu kama ndoa kwa angalau miaka 2. Neno ambalo mama alitaka lifutwe ndilo lililobeba ushahidi ambao binti yake aliuhitaji.

Hapo tukajiuliza mlango huu wa wasiooana ulifunguliwa lini, na nani aliufungua. Tulidhani ni jambo la juzi. Kumbe historia yake ni ndefu, na watu wa Afrika Mashariki wamo ndani yake tangu mwanzo.

Kabla ya mwaka 1962 swali lenyewe halikuwepo. Mtu wa Mombasa, Unguja au Kampala aliyehesabiwa kuwa raia wa dola ya Uingereza aliingia nchini bila viza, na hakuna afisa aliyemuuliza mwanamke aliyefuatana naye ni nani wake. Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ya 1962 ndiyo iliyoweka kizuizi, lakini ikaacha nafasi kwa familia: mke wa mtu aliyekwisha kukaa Uingereza, pamoja na watoto wa chini ya miaka 16, walikuwa na haki ya kuingia. Angalieni kwamba tumesema mke. Sheria ilimwona mwanamume kuwa ndiye anayesafiri, na mwanamke kuwa ndiye anayefuata.

Wazo hilo ndilo lililowaumiza watu wa Afrika Mashariki. Baada ya Kenya kupitisha sheria zake za uhamiaji na leseni za biashara mwaka 1967, Wahindi wengi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walianza kuondoka. London ikashtuka. Mwezi Februari 1968 Bunge lilipitisha sheria mpya kwa muda wa siku 3 tu: mwenye pasipoti ya Uingereza hakuwa tena na haki ya kuingia Uingereza ikiwa yeye, mzazi wake au babu yake hakuzaliwa, hakuasiliwa wala hakuandikishwa uraia huko. Badala ya haki wakapewa vocha, 1,500 kwa mwaka, na vocha alipewa "mkuu wa kaya". Mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa kuwa mkuu wa kaya hata kama pasipoti ya Uingereza ilikuwa yake na si ya mumewe, isipokuwa kama mume hakuwepo au alikuwa hajiwezi.

Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, ubaya wa utaratibu huo ulionekana wazi. Kiasi cha watu 28,000 walipokewa Uingereza. Lakini zilikuwepo familia ambamo mke alikuwa na pasipoti ya Uingereza na mume hakuwa na uraia wa nchi yoyote. Mke alipanda ndege ya London pamoja na watoto, naye mume akapelekwa katika kambi za muda kwenye nchi nyingine za Ulaya, kama vile Austria na Italia. Watu hawa walikuwa wameoana kihalali na vyeti walikuwa navyo. Kilichowatenga ni kwamba mdhamini alikuwa mwanamke.

Hawakuwa peke yao. Mapema mwaka 1969 waziri wa mambo ya ndani, James Callaghan, aliwawekea vikwazo waume na wachumba wa kiume kutoka Jumuiya ya Madola. Hofu iliyosemwa ni kwamba wanaume wangetumia ndoa kuja kutafuta kazi. Wake waliendelea kuingia. Roy Jenkins aliondoa vikwazo hivyo mwaka 1974, lakini vikarudi kwa sura nyingine. Kanuni za mwaka 1980 zilileta kipimo kilichoitwa "lengo kuu", na baadaye mume akatakiwa kumridhisha afisa kwamba lengo kuu la ndoa yake halikuwa kuja Uingereza. Hebu fikirini mtu anathibitishaje jambo kama hilo. Akisema kwamba angependa kuishi Uingereza na mke wake, amejifunga mwenyewe. Akisema hataki, ataulizwa kwa nini basi ameomba viza. Kwetu sisi tuliotoka katika ndoa za kupangiwa na wazee, ambamo maharusi hawakufahamiana sana kabla ya harusi, maswali hayo yalikuwa mtego zaidi. Kanuni hiyo ilidumu hadi Juni 1997, Serikali ya chama cha Labour ilipoifuta wiki chache tu baada ya kushika madaraka.

Kati ya miaka hiyo ilipita kesi ambayo tunadhani kila mwanachama wetu angefaa kuijua. Wanawake watatu walioishi Uingereza kihalali, Abdulaziz, Cabales na Balkandali, waliishitaki Serikali mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg kwa sababu waume zao walikataliwa. Bi Abdulaziz alizaliwa Malawi, jirani yetu. Bi Balkandali alizaliwa Misri, na habari yake inahusu makala hii moja kwa moja. Aliishi na mwenzake, Mturuki, tangu mwaka 1979, wakapata mtoto wa kiume mwaka 1980, na ndoa wakafunga Januari 1981. Serikali ilijitetea kwamba wanaume huchukua ajira kuliko wanawake, kwa hiyo ni haki kuwazuia wao. Tarehe 28 Mei 1985 Mahakama iliamua kwamba huo ulikuwa ubaguzi wa jinsia.

Wanawake wale walishinda. Mwaka huohuo wa 1985 Serikali ilisawazisha kanuni kwa namna ambayo bado inatushangaza: haikuwalegezea waume, iliwakazia wake. Kipimo cha lengo kuu kikawahusu wote. Mwalimu wetu wa historia alicheka tulipomsimulia, akasema huko ni kugawana njaa.

Na wasiooana je? Hapa ndipo tulipopata jambo ambalo hatukulitegemea. Kanuni za miaka ya 1970 zilimtaja mwanamke anayeishi na mwanamume katika uhusiano wa kudumu bila ndoa. Hakuwa na haki ya kudai kuingia, lakini aliweza kuruhusiwa kana kwamba ni mke. Kwa lugha yetu, mtu wa kinyumba alikuwamo kwenye vitabu vya Serikali ya Uingereza kabla wazazi wetu hawajafika nchi hii! Lakini alikuwa ni mwanamke tu, kwa sababu ileile kwamba mwanamke ndiye anayefuata. Usawazishaji wa 1985 ulimwondoa kwenye kanuni. Ikabaki hisani tu, yaani afisa aliweza kukubali lakini hakulazimika, na hisani hiyo nayo ikafutwa mwaka 1996.

Mlango uliopo leo ulifunguliwa na watu wengine, na hatuoni sababu ya kuficha ni akina nani. Ni wapenzi wa jinsia moja, ambao wakati huo hawakuweza kufunga ndoa kwa sheria ya Uingereza. Kikundi chao cha kutetea haki za uhamiaji kilianzishwa mwaka 1993, wakaandika barua, wakaenda mahakamani, wakawafuata wabunge. Tarehe 10 Oktoba 1997 Serikali ilitangaza hisani mpya kwa watu wasioweza kuoana kisheria, mradi wameishi pamoja kwa miaka 4. Mwaka 1999 miaka ikapunguzwa kuwa 2. Oktoba 2000 hisani ikaingizwa kwenye kanuni rasmi, na miaka michache baadaye likaondolewa sharti la kwamba wawili hao wawe hawawezi kuoana. Tangu hapo mwanamume na mwanamke ambao hawajaoana nao wakapita humohumo. Tuliposoma rasimu ya makala hii kwenye mkutano wa chama, sehemu hii ilizua mjadala mrefu. Baadhi yetu walitaka tuipite haraka. Tukakubaliana kwamba tukiipita tutakuwa tunawaambia wasomaji kwamba mlango ulijifungua wenyewe, na huo ni uongo.

Kuna jambo la miaka 2 tuliloligundua kwa bahati, nalo limetufurahisha sana. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, na watu wakiwatambua kuwa mume na mke, basi huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. (Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara, Zanzibar haihusiki.) Kwa hiyo Dar es Salaam ilikuwa na kipimo cha miaka 2 karibu miaka 30 kabla ya London. Hatusemi kwamba London iliiga. Tunasema tu kwamba mama yetu mwenye bahasha alidhani barua ya mjumbe inamwaibisha binti yake kwa desturi za nyumbani, kumbe sheria ya nyumbani yenyewe ilikwisha kumwangalia mtu wa kinyumba kwa jicho la huruma tangu zamani. Nchini Kenya dhana hiyo iliingia kupitia hukumu za mahakama, si kwa kifungu cha sheria, na mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliibana na kusema itumike kwa nadra.

Tena kuna wale wasiojua kama wameoana au la. Ndoa iliyofungwa Tanga mbele ya shekhe kwa kufuata sheria ya Tanzania hutambuliwa Uingereza. Ndoa hiyohiyo, kwa mahari yaleyale, mashahidi walewale na pilau ileile, ikifungwa sebuleni London bila kufuata utaratibu wa usajili wa Uingereza, kisheria si ndoa. Mahakama ya Rufaa ilithibitisha hivyo mwaka 2020 katika kesi ya Akhter. Tunawafahamu watu wa namna hiyo katika jamii yetu, na nyinyi pia mnawafahamu. Mbele ya Mungu na mbele ya mama mkwe ni mke na mume. Mbele ya afisa wa viza ni wenza wasiooana, na wakijaza fomu kwamba ni wanandoa wanaweza kujiletea matatizo makubwa bila kukusudia kudanganya.

Ndoa nayo haikuachwa huru. Kuanzia Februari 2005 mgeni mwenye masharti ya uhamiaji hakuweza kufunga ndoa Uingereza bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, isipokuwa kama alifunga katika Kanisa la Uingereza. Muislamu na Mkatoliki waliomba kibali, Mwanglikana hakuomba. Baraza la Malodi lilikosoa mpango huo mwaka 2008, na ukafutwa kabisa Mei 2011. Umri wa mdhamini na mwenza ulipandishwa kutoka miaka 18 hadi 21 mwaka 2008, ukarudishwa 18 mwaka 2011 baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu. Sisi wenyewe, wengi wenye umri wa miaka 20, tusingeweza kumdhamini mtu yeyote katika miaka ile mitatu.

Tarehe 9 Julai 2012 kipimo kikahamia kwenye pesa. Mdhamini alitakiwa kuwa na kipato cha paundi 18,600 kwa mwaka, na zaidi kama kuna watoto wasio raia. Muda wa kungojea ukaazi wa kudumu ukapandishwa kutoka miaka 2 hadi 5. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba kima hicho huleta dhiki kwa maelfu ya watu, lakini haikukifuta. Tarehe 11 Aprili 2024 kikapanda hadi paundi 29,000. Asiye na kipato hicho anaweza kutumia akiba, nayo ni paundi 88,500 zilizokaa benki miezi 6. Juu yake kuna ada ya huduma za afya, paundi 1,035 kwa kila mwaka wa viza, mbali na ada ya viza yenyewe. Dada yetu wa Arusha alikuwa anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ilimbidi aongeze zamu za usiku kabla ya kufikia kima hicho. Ukiitazama historia kwa jicho lake, mwaka 1969 angezuiwa kwa kuwa ni mwanamke, na leo angezuiwa kwa kuwa mshahara wa kazi ambazo wanawake wengi hufanya ni mdogo.

Ushahidi una ugumu wake. Hadi mwanzoni mwa 2024 wenza wasiooana walitakiwa kuonyesha kwamba wameishi pamoja miaka 2, jambo gumu kwa watu waliotenganishwa na viza yenyewe. Tarehe 31 Januari 2024 kanuni ilibadilishwa: sasa ni uhusiano unaofanana na ndoa kwa miaka 2, hata kama hawakukaa nyumba moja muda wote. Hata hivyo, kukaa pamoja bado ni ushahidi wenye nguvu, na afisa huutafuta kwenye karatasi: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, bili, akaunti ya benki ya pamoja. Sasa njooni Arusha. Umeme ni wa LUKU, mita ni ya mwenye nyumba. Kodi hulipwa taslimu kwa miezi 6 au mwaka, na risiti, ikiwepo, ni karatasi ya daftari. Maji yamo ndani ya kodi. Wawili wanaweza kukaa pamoja miaka mitatu wasiache karatasi hata moja yenye majina yao. Anayejua ni jirani, mama wa genge la chini na mjumbe. Ndiyo maana barua ya mjumbe yenye muhuri ilikuwa na uzito kuliko kitu kingine chochote ndani ya bahasha.

Turudi basi kwenye bahasha. Tulimwalika mama, tukamwamkia, tukampa chai, na mwenzetu wa sheria akamweleza habari ya milango miwili. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama Waingereza wana neno la heshima kwa jambo hili. Tukamwambia kwamba kwenye fomu zao wana neno kavu tu, halina sifa wala aibu. Akasema, "Basi hilo. Lakini kwenye Kiswahili msiguse, mjumbe ameandika alichokiona."

Kwenye tafsiri ya barua ya mjumbe tuliandika kwamba waliishi pamoja kama mume na mke bila kufunga ndoa. Kwenye barua ya mwenye nyumba tuliliacha neno mchumba lilivyo na kuweka maelezo mafupi kwamba kwa matumizi ya Kiswahili cha kila siku linaweza kumaanisha mpenzi wa muda mrefu, si lazima aliyeposwa. Maelezo hayo yalituchukua jioni nzima, maana wa Mombasa walikuwa na maana yao na wa Bara yao, na mwenzetu mwenye asili ya Bukavu alishikilia kwamba kwao maana ni ya tatu kabisa. Mwalimu wetu mmoja alizipitia tafsiri zote mbili, akaweka jina, tarehe na saini kuthibitisha kwamba ni sahihi. Mama alichukua bahasha yake, akaomba pia nakala ya Kiswahili ya maelezo yetu kuhusu kifungu cha 160, akaikunja na kuitia kwenye mkoba. Alisema anataka kumsomea shangazi yake wa Moshi kwenye simu.